Mwanafunzi wangu Muarmenia anasahau kila neno la Kiingereza ninalompa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza mtandaoni nikiwa Arusha, huu mwaka wa pili. Nina mwanafunzi yuko Yerevan, Armenia, ni programa, Kiingereza cha kawaida anaongea vizuri tu ila baada ya miezi sita anafanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, na anataka akasome masters nje, sasa anasema nimpe maneno ya juu. Nampa maneno 20 kila siku na maana zake, wiki ikiisha nikimuuliza anakumbuka matatu manne. Kiarmenia mimi sijui hata neno moja. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho, kwamba Kiarmenia hujui hata neno moja, maana umelitupia pale chini kama kitu kidogo wakati jibu lenyewe limelala hapohapo. Mimi nafundisha Waarmenia mwaka wa tisa sasa, wengi wa Yerevan na Gyumri, wachache wa Beirut na Glendale kule California, na miaka miwili ya kwanza nilifanya hichohicho unachofanya, orodha, maana, mtihani Ijumaa, na wakasahau vilevile. Kilichonibadilisha ni binti mmoja aliyekuwa anasomea udaktari, siku moja nikamwandikia neno "contradiction" akaliangalia kidogo akacheka, akasema mbona hili ni la kwetu. Nikamuuliza la kwenu kivipi? Akaanza kunivunjia vipande.

Kwao kupingana kwa maneno, kauli mbili zisizokaa pamoja, wanaita hakasutyun (naandika kwa herufi zetu, wao wana zao). Haka ni kinyume. As ni sema. Utyun ni ule mkia wa kutengeneza nomino ya wazo. Haya sasa geukia Kiingereza: "contra" kinyume, "dict" sema, "ion" mkia wa nomino. Vipande vitatu kwa vitatu, na vimepangwa vilevile! Huyu binti alikuwa halijui lile neno kabisa lakini tangu siku hiyo hajawahi kulisahau, na mimi ndo nikaelewa kwamba nilikuwa namwaga maji kwenye mtungi ambao tayari una maji.

Na hii haikutokea kwa bahati, ina historia yake, ngoja nikupe kidogo maana itakusaidia hata kumheshimu mwanafunzi wako zaidi. Mwaka 405 mtawa na msomi anayeitwa Mesrop Mashtots aliwatengenezea Waarmenia alfabeti yao, herufi 36, na kazi ya kwanza waliyoifanyia ni kutafsiri Biblia. Wanasimulia kwamba sentensi ya kwanza kabisa kuandikwa kwa herufi hizo ilikuwa ule mstari wa Methali sura ya kwanza, kuhusu kujua hekima na adabu na kutambua maneno ya ufahamu. Baada ya hapo likaja kundi la watafsiri wakashika vitabu vya Wagiriki, falsafa, sarufi, dini, na hawa walikuwa na msimamo mkali: neno la Kigiriki halibebwi zimazima, linafunguliwa kipande kwa kipande na kila kipande kinawekewa cha Kiarmenia. Kiambishi kwa kiambishi, mzizi kwa mzizi. Mpaka leo kanisa lao lina sikukuu ya watafsiri watakatifu, sijui kama kuna taifa lingine linalowapa watafsiri heshima namna hiyo, na pale Yerevan barabara inayoitwa jina la Mashtots inapanda moja kwa moja mpaka Matenadaran, jumba la miswada ya kale.

Sasa fikiria. Maneno ya juu ya Kiingereza, yale ya chuo, ya sayansi, ya gazeti zito, kwa sehemu kubwa ni Kigiriki na Kilatini, na Kilatini chenyewe mara nyingi kilitafsiri Kigiriki kwa mtindo uleule wa vipande. Kwa hiyo Kiarmenia na Kiingereza cha juu ni kama nyumba mbili zilizojengwa na fundi tofauti kwa ramani moja. Kijana wako ameishi ndani ya moja tangu utotoni, chumba cha kulala anajua kiko wapi, jiko liko wapi, ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ile nyumba ya pili ina mpangilio uleule.

Nikupe mingine uone sio neno moja tu la kubahatisha. "International" kwao mijazgayin, mij ni kati, azg ni taifa, ayin ni mkia wa kivumishi. "Autobiography" kwao inknakensagrutyun, neno refu la kutisha lakini likifunguliwa ni mtoto mdogo: inkna ni -enyewe, kensa ni uhai, gr ni andika, utyun mkia. "Psychology" hogebanutyun, roho na neno. "Retrospective" hetahayats, nyuma na kutazama. "Export" artahanum, nje na kutoa. "President" nakhagah, mbele na kiti cha enzi, na Kilatini chake ni mtu anayekaa mbele! Hata maneno yetu ya darasani ya sarufi, "preposition" kwao ni nakhdir, mbele na kuweka, "adverb" ni makbay, juu ya kitenzi. Ile sarufi maarufu ya Kigiriki ya Dionysius Thrax ilitafsiriwa Kiarmenia zamani sana, ndo maana.

Sisi Kiswahili hatukwenda njia hiyo, tumesema jiografia, saikolojia, demokrasia, na pale wataalamu walipotuletea tarakilishi watu wengi tumebaki na kompyuta. Wao kompyuta ni hamakargich, kama vile mpanga-mfumo, na hilo ndo neno lao la kawaida. Kwa hiyo usipime kichwa chake kwa kichwa chako. Kwako wewe "psychology" ni sauti tu uliyoizoea, kwake kuna picha ndani.

Sasa utaniuliza, mie Kiarmenia sijui, nitafanyaje hayo yote? Hutakiwi kujua. Unatakiwa kuuliza. Ukimpa neno jipya usimpe maana, mpe vipande vya Kiingereza na maana ya kila kipande, alafu mwambie sasa wewe nitafutie ndugu yake kwa Kiarmenia na unifungulie. Anayefanya kazi ni yeye. Ataanza kunung'unika kidogo, atasema "sijawahi kufikiria", dakika mbili baadae utaona macho yanawaka kwenye video. Wengi wao shuleni wamefundishwa kuchambua maneno ya Kiarmenia, mzizi na viambishi, wanayo hiyo akili, imelala tu. Na ukishatengeneza naye jedwali la viambishi kama ishirini hivi, haka- kwa anti na contra, nakha- kwa pre, hama- kwa syn na con, yenta- kwa sub, mij- kwa inter, bazma- kwa poly na multi, mia- kwa mono, ger- kwa super, andr- kwa trans, arta- kwa ex, ner- kwa in ya ndani, an- kwa ule ukanushaji, basi kila kiambishi kinamfungulia maneno kadhaa kwa mpigo. Hilo jedwali aliandike yeye kwa mkono wake, kwa herufi zake. Usimpe limechapwa tayari.

Hapa ndo nirudi kwenye maneno yako 20 kwa siku. Paul Nation, msomi wa New Zealand ambaye mambo ya msamiati ndo maisha yake, mwaka 2006 alitoa hesabu kwamba mtu akitaka kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kamusi anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Angalia, familia, sio neno mojamoja. "Predict", "prediction", "predictable", "unpredictable" ni familia moja. Na mwenzake wa chuo kilekile, Averil Coxhead, mwaka 2000 alitoa orodha ya familia 570 tu ambazo zinabeba kama asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma. Mtu wa masters anaanza na hizo 570, maana nyingi zake ni za Kilatini na Kigiriki, yaani zile zilezile zenye ndugu Kiarmenia. Akishika familia 5 kwa siku, siku 6 za wiki, hizo 570 zinaisha kwenye wiki ya 19, na bado ana wiki saba za kupumua kabla ya mtihani. Tano. Usiongeze hata akikuomba, na atakuomba, wale maprograma wanapenda namba.

Sasa tahadhari, maana nisikuache ukadhani vipande vinatosha. Kuna neno hamakrank, hama ni pamoja, na kipande kinachofuata kinatokana na kubeba au kupatwa na jambo, kwa hiyo kwa umbo ni "sympathy" mtupu. Lakini Muarmenia akisema ana hamakrank na fulani anamaanisha anampenda, anavutiwa naye, wakati Muingereza akisema "sympathy" anamaanisha anamwonea huruma mtu aliyefikwa na jambo. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba ana "great sympathy" kwa kampuni hiyo. Ikasomeka kama anawapa pole! Umbo lilikuwa moja, matumizi yameachana njiani zamani sana. Kwa hiyo vipande vinamsaidia akumbuke neno na akisie maana, ila kila neno baada ya kulifungua lazima mkaliangalie linavyoishi, sentensi tatu nne za kweli kutoka gazetini au kwenye makala ya kazi yake. Na kuna maneno usiyafungue kabisa, "understand" ukilivunja unapata kusimama chini, halikupeleki popote.

Mtego mwingine mkubwa ni Kirusi. Armenia ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti mpaka 1991, na hata kijana aliyezaliwa baadae amesikia Kirusi nyumbani, kwenye televisheni, kazini, na mtaani wanachanganya. Kirusi nacho kimejaa maneno ya Kilatini na Kifaransa, ila kimeyapa kazi nyingine. Zile za mwanzo labda ashazivuka, kwamba "magazine" sio duka na "fabric" sio kiwanda. Zinazoumiza mtu wa leveli yake ni zile za juu. Kwenye intavyuu anasema "I pretend to this position" akidhani anasema anagombea nafasi, kumbe kasema anajifanya. Anasifia kampuni kuwa "perspective" akimaanisha ina mwelekeo mzuri. Akitaka kusema mama yake ni nadhifu na anapenda mpangilio, anasema ni "accurate". Hotuba iliyomgusa anaiita "pathetic", na hapo anamtukana msemaji bila kujua. "Decade" kwa Kirusi ni siku kumi, sio miaka kumi, hebu fikiria hilo kwenye ripoti ya mradi. Mi nina daftari la haya tu, kila mwanafunzi mpya tunalipitia taratibu, na kanuni ninayowapa ni kwamba neno la Kiingereza likikujia rahisi mno kupitia Kirusi, lisimamishe uliulize, likikujia kwa kufungua vipande vya Kiarmenia, liamini kidogo zaidi.

Lakini muulize kwanza amekulia wapi. Yuko Yerevan sawa, ila baada ya vita vya Syria kuna Waarmenia wa Aleppo waliohamia huko, na wapo wa Iran na wa Lebanon pia. Hao Kirusi hawana. Wa Beirut ana Kiarabu na mara nyingi Kifaransa, kwa hiyo mitego yake ni ya Kifaransa, atasema "actually" akimaanisha sasa hivi. Na Kiarmenia chake ni cha Magharibi, sauti zinabadilika, Petros wa Yerevan ni Bedros kwao, Grigor ni Krikor. Viambishi lakini ni vilevile, jedwali lako halibadiliki.

Kitu ambacho walimu wengi hatukigusi, na kwa maoni yangu ndo kinatofautisha mtu anayejua maneno na mtu anayejua Kiingereza, ni maneno gani yanatembea na yapi. Muarmenia haulizi swali, anatoa swali, harts tal, kwa hiyo mpaka leveli ya juu kabisa utamsikia "I want to give a question". Mtihani anaukabidhi, kama Kirusi, sasa anasema "I handed my exam" na wewe hujui kama ameufanya, ameufaulu au amekusanya karatasi. Neno "decision" analijua tangu darasa la saba, je anajua kwamba linakwenda na "make" na "reach", na kwamba uamuzi unaweza kuwa "tough" au "hasty"? Ukimpa "hasty decision" umempa kitu cha juu zaidi kuliko ukimpa neno moja adimu analoweza kulitumia mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo kwenye kadi zake za kukariria asiandike neno peke yake. Neno liandikwe na jirani yake, siku zote, mawili matatu pamoja. Peke yake ni marufuku.

Alafu heshima ya neno. Hapa wewe Mswahili una faida ambayo labda hujaiona. Sisi tuna kufa na tuna kufariki, moja la Kibantu, jingine limetoka Kiarabu, na mtoto wa miaka sita anajua mbuzi amekufa na babu amefariki, akigeuza watu watamshangaa. Kiingereza ni hivyohivyo. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa na watu wa shamba Kiingereza, ndo maana mpaka leo kuna "ask" na "inquire", "start" na "commence", "cow" ni wa shambani na "beef" ni wa mezani. (Huyo "cow" kwa Kiarmenia ni kov, ndugu wa damu kabisa, mwambie atafurahi.) Mwanafunzi anayekariri maneno ya juu bila kujua heshima yake anakuwa kama mtu anayesema kuku wangu amefariki. Kwenye meseji kwa bosi wake anaandika "I shall commence the task", inasikika kama barua ya mahakama. Kwa hiyo kila neno la juu mpe na la chini lake, na muulize, hili ungemwambia nani, rafiki, profesa au mteja? Mimi nawaeleza kwa mfano wa kufa na kufariki, wanaelewa papo hapo, na wanapenda sana kujua kwamba lugha yetu ina jambo hilo.

Kuna maneno ambayo hayana mlango wa Kiarmenia wala Kirusi, yale ya asili ya Kiingereza chenyewe, "grasp", "dwell", "glimpse". Hayo hayafunguki. Hayo yanakuja kwa kusoma hadithi na kusikiliza, basi, hakuna dawa nyingine. Vile vitenzi vya vipande, "put up with", "come up with", "carry out", wanaviogopa mno, lakini wakumbushe kwamba hata wao wana durs gal, nje kuja, yaani kutoka, wana het gal, nyuma kuja, yaani kurudi, na ver kenal, kuamka na kusimama. Kipande kwao kinatangulia kitenzi, kwa Waingereza kinafuata. Hofu inapungua nusu.

Na misemo wanayo ya ajabu, ya kutoka moyoni. Akikuzoea kuna siku utamwambia unaumwa mafua atakujibu tsavd tanem, yaani niyabebe mimi maumivu yako. Ni neno la upendo, linasemwa kwa mtoto, kwa mgonjwa, hata kwa mtu dukani. Usimruhusu alitafsiri kwenye Kiingereza neno kwa neno, ila mwambie asilitupe pia, mtafutieni pamoja Waingereza wangesema nini mahali hapo. Mara nyingi watasema kitu cha baridi zaidi, na kujua baridi hiyo ndo sehemu ya msamiati wenyewe.

Matamshi usiyaache ya baadae. Kiarmenia mkazo unakaa silabi ya mwisho karibu kila mara, kama sisi unavyokaa ya pili kutoka mwisho. Kwenye maneno mafupi haionekani, kwenye marefu inaharibu kila kitu, na Kiingereza kinahamisha mkazo ndani ya familia moja, "photograph" mwanzoni, "photographer" unasogea, "photographic" unasogea tena. Mimi kila familia mpya tunaiimba kwa sauti, tunapiga meza pale penye mkazo. Inaonekana ya kitoto, ila mtu ambaye hajui mkazo wa neno huwa analikwepa akiongea hata kama analijua, na neno linalokwepwa linakufa.

Kuhusu kusahau, usimlaumu na usijilaumu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika matokeo mwaka 1885, kwamba tunachokariri leo kinamwagika kwa kasi sana siku za mwanzo kisha kasi inapungua, na ukirudia kwa kuachanisha siku kinashika. Kwa hiyo familia 5 za Jumatatu zirudi Jumanne, zirudi Alhamisi, zirudi wiki inayofuata, zirudi baada ya wiki tatu. Yeye ni programa, Anki, ile programu ya kadi za kukariria, anaijua au ataijua kwa dakika kumi, itampangia siku. Ila kurudia kusiwe kusoma kadi tu. Kila Ijumaa akutumie voisi ya dakika mbili kwenye WhatsApp akikueleza kitu cha kazini kwake, hitilafu aliyoipata kwenye programu, ubishi na mwenzake, na humo atumie maneno manne ya wiki. Wewe unamrudishia yako ukiyatumia hayohayo kwa namna nyingine. Mwezi wa pili utasikia tofauti, na sio maneno tu, hata ujasiri.

IELTS yenyewe, kwenye kuandika na kuongea msamiati ni robo ya alama, na msahihishaji hahesabu maneno magumu, anaangalia kama yametumika sawasawa na kama mtu anaweza kusema jambo moja kwa namna mbili tatu bila kuvunjika. Mwambie hivyo kabla hajaanza kukuletea orodha za kutoka mtandaoni za maneno ya kumshangaza msahihishaji. Ataleta tu, wote wanaleta, mpokee vizuri alafu chagueni moja mlifanyie kazi yote hii, vipande, jirani, heshima, mkazo, aone mwenyewe neno moja linakula dakika ngapi.

Kipindi chenu kijacho usibebe orodha. Andika "contradiction" katikati ya skrini, mpe "contra", mpe "dict", mpe "ion", alafu muulize kwao wanaitaje na unyamaze. Asipolipata haraka mwambie aanze na haka. Akishamaliza kucheka mpe "predict", "dictate", "verdict", "contraband", aone yale mawili yamezaa nini. Na ukitaka kumpa zawadi na wewe, mwambie kwetu shamba la maua na miti ni bustani, yeye atakuambia kwao bostan ni shamba la mboga. Mwambie pamba, atakuambia bambak, mwambie sukari atakuambia shakar, yote yamepita mikononi mwa Waajemi, sisi yakatujia kwa jahazi, wao kwa nchi kavu. Baada ya hapo niandikie aliyafungua vipi, na yale aliyokwama nayo nitumie kama yalivyo.